Mkataba wa Miezi Minane

Jumapili, 2 Septemba 2018. Kilburn

Daftari hili nimenunuliwa na Shangazi Priscilla. Anasema mtu aliyetoka Bungoma akaja kucheza mpira wa magongo London, na akalipwa, lazima aandike, maana akirudi nyumbani na hadithi ya mdomo watamwita mwongo. Shangazi ni dada yake Baba, amefanya unesi miaka kumi na tisa katika nchi hii. Akikwambia uandike, unaandika.

Basi naandika. Mimi ni Adelina Nekesa, miaka ishirini na mmoja, mshambulizi wa upande wa kushoto. Klabu ya Northfold imenipa mkataba wa majaribio wa miezi minane, Septemba hadi Aprili. Mwisho wa msimu kocha ataamua. Ama nipewe mkataba kamili wa miaka miwili, ama nipande ndege nirudi. Hakuna la tatu. Nimeliandika hapa mwanzoni ili nikianza kujidanganya huko mbele nifungue ukurasa huu nijisute.

Baba alipiga simu baada ya kanisa. Swali lake lilikuwa moja.

"Umeandikwa?"

"Bado, Baba. Ni ya majaribio kwanza."

"Majaribio si kazi," akasema, akampa Mama simu.

Simlaumu sana. Kwa Baba, kazi ni ile ambayo jina lako liko kwenye karatasi yenye sahihi. Alitumikia kiwanda cha sukari miaka ishirini na sita, na kilipofungwa waliambiwa kwa mdomo kwamba wangeitwa tena. Mpaka leo hajaitwa.

Jumanne, 4 Septemba

Mazoezi ya kwanza. Watu hawa wanamwagia uwanja maji kabla ya kucheza! Zulia la buluu, limelowa chapachapa, na mpira unateleza juu yake kama sabuni bafuni. Mimi nimekulia kwenye uwanja wa murram, udongo mwekundu wa changarawe, ambako mpira unaruka ruka na mchezaji stadi ni yule anayeukumbatia na gongo lake asiuachie. Hapa nikiukumbatia nakuta watu watatu wamenizunguka. Imenipita mipira saba. Niliihesabu kwa sababu sikuwa na kazi nyingine.

Kocha anaitwa Parminder. Ni Kalasinga wa miaka sitini na kitu, kilemba cha buluu, mzaliwa wa Nairobi, aliyeletwa huku na wazazi wake angali mtoto. Kiswahili anacho, lakini ni cha amri tupu. "Lete! Kimbia! Wacha! Haraka!" Nilifurahi dakika mbili za kwanza. Baada ya hapo nikaanza kununa.

Jumamosi, 22 Septemba

Mechi ya kwanza. Nimeingia dakika ishirini za mwisho. Mpira nimeugusa mara mbili. Tumefungwa.

Jumamosi, 29 Septemba

Dakika kumi na tano. Mpira mara moja. Sare.

Jumamosi, 6 Oktoba

Mvua. Dakika kumi. Mpira sikuugusa kabisa. Hata jezi haikuchafuka, nimeirudisha kabatini bila kuifua na Shangazi akanitazama tu.

Jumapili, 7 Oktoba

"Umeandikwa?"

"Bado."

Jumamosi, 13 Oktoba

Leo nimelia ndani ya basi namba 16, dirishani, na sikujificha.

Tulikuwa sare ya moja kwa moja, zimebaki dakika mbili. Nahodha wetu, Margaret, alikuwa na mpira kwenye ukingo wa duara la mbele ya goli. Mimi nilikuwa kwenye mlingoti wa mbali wa goli, peke yangu, hakuna hata kivuli cha beki. Ningepewa mpira ule ningeusukuma ndani kwa kidole. Nikainua mkono. Margaret hakuniona, alikuwa ameinamia mpira wake. Nikafungua mdomo.

Hakuna kilichotoka.

Margaret akapiga, mpira ukagonga miguu ya beki, wakatukimbilia upande wa pili na wakafunga. Mbili kwa moja. Filimbi.

Kocha alinijia mbele ya wote. "Kwa nini hukuita? Huna mdomo? Sema!"

Ningemwambia nini? Kwamba Margaret ana miaka arobaini na moja, mwaka mmoja zaidi ya Mama? Kwamba ni mwalimu wa hesabu, ana watoto wawili, na mimi tangu nizaliwe sijawahi kumpigia kelele mtu wa umri huo kwa jina lake tupu? Nairobi klabuni tulikuwa rika moja, ningeweza kumwita yeyote nitakavyo. Hapa, kila nikitaka kusema "Margaret!" naliona kofi la Mama likija kutoka Bungoma.

Shangazi nilimkuta jikoni anasonga ugali. Nilimweleza yote, na nilitegemea anionee huruma. Akageuza ugali, akaufinyanga, akaupindua kwenye sahani, ndipo akanijibu.

"Huyo mama hana mtoto?"

"Anao. Kifungua mimba wake anaitwa Toby."

"Sasa shida iko wapi?"

Nikasogeza sahani mezani.

"Huko kwetu mimi naitwa nani?" akauliza.

"Mama Brian."

"Kwa hiyo umekaa mwezi mzima unaninyima usingizi kwa jambo ambalo hata mtoto wa chekechea analijua. Nawa mikono ule."

Jumanne, 16 Oktoba

Nilingoja mpaka katikati ya mazoezi. Margaret akapata mpira, mimi nikakata kwenda kushoto, nikavuta pumzi, nikapaza sauti kama ninayemwita mtu ng'ambo ya mto.

"MAMA TOBY!"

Uwanja wote ukasimama. Kipa akavua kofia yake ya chuma asikie vizuri. Margaret akageuka pole pole, na katika kugeuka kule mkono wake ukafanya kazi yenyewe, mpira ukanijia palepale kwenye gongo. Nikafunga.

Halafu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikawaeleza, kwa Kiingereza changu cha kukwama kwama, kwamba kwetu mtu aliyekuzidi humwiti jina, unamwita kwa mtoto wake wa kwanza. Margaret hakucheka. Aliniuliza, "Kwa hiyo wiki zote hizi ulikuwa unanyamaza kwa heshima?" Nikasema ndiyo. Akanishika bega. "Mimi nilidhani huniamini."

Sasa kila mtu anataka jina. Kiungo wetu wa kati hana mtoto ila ana paka, basi ni Mama Biskuti. Kipa ana kobe anayeitwa Gerald. Mama Gerald, hivyo hivyo. Nimejaribu kueleza kwamba mambo hayaendi namna hiyo, hawanisikii.

Jumamosi, 20 Oktoba

TUMESHINDA! Tatu kwa moja, na bao la tatu ni langu, la kwanza ligini.

Kulikuwa na jambo ambalo hatukulitegemea. Mabeki wao hawakuelewa tunamwita nani. Nikisema "Mama Biskuti!" wao wanatafuta huku na huku. Mmoja aliniuliza waziwazi, tukiwa tumesimama tukingoja kona fupi, ile adhabu ya karibu na goli, "Samahani, Toby ndiye yupi?" Nikamwambia Toby yuko nyumbani ana mafua. Ndiyo ukweli, Margaret alituambia asubuhi.

Jumamosi, 3 Novemba

Nimeanza mechi kwa mara ya kwanza. Bao moja.

Jumapili, 4 Novemba

"Umeandikwa?"

"Bado, Baba, lakini jana nilifunga."

"Umefunga nini? Mlango?" Akacheka mwenyewe, akampa Mama simu.

Jumamosi, 17 Novemba

Aibu ya mwaka. Niandike haraka iishe.

Mshambulizi wa kulia anaitwa Lila. Ni binti wa Kihindi mzaliwa wa Wembley, ana umri wangu, anacheza vizuri kuliko mimi na analijua hilo. Leo mara mbili nilikuwa wazi na hakunipa. Tulishinda, lakini mimi nilikuwa na kisirani changu. Nikampigia Shangazi simu chumbani mwa kubadilishia nguo, nikafoka kwa Kiswahili nikijua hakuna anayeelewa. Nikasema yule Lila ni mchoyo kupita kiasi, akipewa mpira anaufuga, na hiyo pua anavyoibeba utadhani imeazimwa benki.

Nilipokata simu Lila alikuwa anafunga kamba za viatu. Bila kuinua kichwa akasema, kwa Kiingereza cha pole, kwamba pua ni ya bibi yake wa Kisumu. Bibi na babu yake walikuwa na duka kule, na walipohamia huku walikuwa wakisema Kiswahili nyumbani wakitaka wajukuu wasielewe.

"Na mlielewa?" nikauliza, nikitamani sakafu ipasuke.

"Everything," akasema. Kisha akaongeza kwa Kiswahili chake kilichopinda, "Mpira wa kwanza, kosa yangu. Wa pili, wewe ulisimama nyuma ya beki. Mimi naona beki, sioni wewe."

Nimefikiria jambo hilo njia nzima. Nilikuwa nyuma ya beki kweli.

Jumamosi, 8 Desemba

Mechi ya mwisho kabla ya mapumziko ya baridi. Nimefunga tena, mabao sita sasa. Mtu fulani nisiyemjua aliniomba tupige picha. Niliporudi Kilburn nilipita dukani kwa makusudi nikiwa na begi la klabu lionekane.

Kocha aliniambia mlangoni, "Wewe, usivimbe!"

Nimevimba kidogo tu.

Jumanne, 25 Desemba

Krismasi. Shangazi yuko zamu wodini. Nimepika wali na kuku, nikambebea kwenye kontena mpaka mapokezi.

Alhamisi, 31 Januari 2019

Theluji. Uwanja umefungwa. Nimeigusa, nimeionja, nimeridhika, sasa iondoke.

Jumamosi, 9 Februari

Ligi imerudi. Tumefungwa. Sikucheza vizuri ila hakuna aliyecheza vizuri.

Jumamosi, 16 Februari

Tumefungwa tena, na leo mwenye kosa ana jina, naye ndiye anayeandika hapa.

Ilikuwa sare, bila kwa bila, dakika kumi zimebaki. Nilipata mpira kushoto, nikamla chenga beki wa kwanza, nikamla wa pili, na watu wakaanza kupiga kelele. Nikazisikia zile kelele. Nikataka kumla wa tatu. Mama Biskuti alikuwa wazi kabisa, aliniita, nikamsikia, nikaendelea. Beki wa tatu akanipokonya.

Hapo ndipo niliposimama. Nilishika kiuno na kutazama mawinguni kama mtu aliyeonewa. Beki yule aliyeninyang'anya alipandisha mpira kwenye ubavu wangu, ule ule ambao mimi ndiye wa kuulinda, akatembea nao mita arobaini bila kuulizwa na mtu. Margaret alikimbia kuziba. Ana miaka arobaini na moja na goti lililofungwa bandeji, na alikimbia. Hakufika. Bao.

Kocha akanitoa. Nilikaa benchi na blanketi, nikamwona Margaret anainuka kutoka chini kwa awamu, kwanza mkono, kisha goti zima, kisha lile lingine.

Sasa tuko wa pili kutoka mkiani. Wa mwisho wawili wanashushwa daraja, na Kocha ametuambia waziwazi kwamba klabu ikishushwa haitakuwa na mkataba wa kumpa mtu yeyote.

Jumapili, 17 Februari

"Umeandikwa?"

Nikamwambia mtandao mbaya.

Jumanne, 19 Februari

Mazoezini leo Kocha alikuwa juu yangu kuanzia mwanzo. Kila nilipopoteza mpira: "Rudi! Wewe! Rudi haraka! Wacha uvivu!" Mara ya tano au ya sita, kitu kikanipanda. Nikaliweka gongo chini.

"Mzee," nikasema, "mimi si boi wa jikoni kwenu."

Lila peke yake ndiye aliyeelewa, na nilimwona anafumba macho. Wengine walielewa sauti tu. Kocha alibaki na filimbi mdomoni. Aliitoa, akanijia mpaka karibu, na nikajiambia basi, Adelina, leo ndiyo umekata tiketi ya kurudi.

Akaniongelesha kwa Kiswahili, anatafuta neno moja moja.

"Sisi tulikuwa na mpishi Ngara, Nairobi. Zephaniah. Kiswahili yote mimi nilijifunza kwake. Mimi nilikuwa mtoto, miaka kumi na mbili, na yeye mtu mzima, na mimi nasema lete, kimbia, wacha." Akaizungusha filimbi mkononi. "Maneno ya kumwambia yeye ninakumbuka. Maneno yeye alinijibu, hata moja sina."

Hasira ilikuwa imeshatoka na nilikuwa nimebaki mtupu.

Kisha akabadilisha, akasema kwa Kiingereza, na kila mtu akasikia. "Samahani kwa namna nilivyosema. Lakini nilichosema ni kweli. Hukurudi, Adelina. Kwa dakika ishirini wewe ni mchezaji mzuri kuliko wote walio hapa. Mimi siwezi kumpa mtu mkataba wa dakika ishirini. Jumamosi utakaa benchi."

Ni mara ya kwanza kuniita kwa jina langu. Na ni mara ya kwanza mtu kuniomba radhi na kuniadhibu kwa pumzi moja. Nilikasirika mpaka Kilburn, lakini kuanzia kituo cha basi mpaka nyumbani sikuweza kuendelea kukasirika. Alikuwa sahihi, na kumchukia mtu aliye sahihi kunachosha.

Jumamosi, 23 Februari

Benchi.

Jumamosi, 2 Machi

Benchi. Tumeshinda bila mimi. Nilipiga makofi, na nusu yake yalikuwa ya kweli.

Jumatano, 6 Machi

Lila amenifuata. Nilikuwa nimeketi katika chumba cha kubadilishia nguo nimefunga begi niondoke, akasimama mlangoni, akaniambia njoo, na gongo lako.

Tulikuwa wawili tu uwanjani, upepo, maji yanarushwa usoni. Akaweka mpira, akanipokonya, akapiga kelele, "Tano!" Ni mchezo wake mwenyewe, alijifunza alipokuwa timu ya vijana. Ukipoteza mpira, hatua tano za kwanza si zako za kufikiria. Huruhusiwi kusikitika, kumtazama refa wala kushika kiuno. Baada ya hatua tano uko huru, unaweza kusimama ukitaka.

"Na baada ya tano?" nikamuuliza.

"Baada ya tano hutaki kusimama. Mwili umeenda tayari."

Tulirudia mpaka nikatapika pembeni ya goli. Nilimuuliza kwa nini ananisaidia, wakati kocha anaweza kumtumia yeye na mtu mwingine yeyote. Akasema amechoka kucheza na upande mmoja wa uwanja mtupu. Halafu akasema, kwa Kiswahili, "Na mimi nataka wewe ubaki. Wewe tu unanitukana vizuri."

Jumatatu, 11 Machi

Bustani ya Kilburn Grange, saa kumi na mbili asubuhi. Hatua tano, tano, tano. Bibi mmoja anayetembeza mbwa ananisalimia sasa.

Jumamosi, 16 Machi

Dakika ishirini na tano. Sikufunga. Nilipoteza mpira mara nne, nikaurudisha mara tatu. Kocha hakusema kitu, na kwake hiyo ni hotuba.

Jumamosi, 23 Machi

Nimeanza. Sare. Nimerudi nyuma mpaka mapafu yananiwasha.

Jumapili, 24 Machi

"Umeandikwa?"

"Bado. Lakini najaribu kweli sasa, Baba."

"Sawa," akasema.

Jumamosi, 30 Machi

Tumeshinda. Bao la Lila, pasi yangu. Nilimpa bila kuugusa mpira mara mbili, ulinijia nikaugeuza ukaenda. Septemba ningeukumbatia.

Kocha alipopita karibu yangu akasema, "Umeamkaje, Adelina?" Ilikuwa saa kumi jioni. Nikamjibu nimeamka salama, Mzee.

Jumamosi, 6 Aprili

Sare. Mechi imebaki moja. Lazima tushinde, sare haitoshi. Margaret ametutangazia kwamba hiyo ndiyo itakuwa mechi yake ya mwisho, goti limekataa.

Ijumaa, 12 Aprili

Sina usingizi wala njaa. Shangazi amenipikia mrenda, mboga ya kwetu inayoteleza, na amekaa mbele yangu mpaka nikamaliza. Anasema mgonjwa na mchezaji wote ni wale wale, hungoji waseme wana njaa.

Jumamosi, 13 Aprili

Nianze wapi? Nisameheni mwandiko, ingawa ni mimi peke yangu ninayesoma.

Wageni walitangulia kufunga dakika ya nane. Sisi tukasawazisha kwa kona fupi kabla ya mapumziko. Moja kwa moja. Kipindi cha pili chote walijaa nyuma, maana sare iliwatosha, na kila tulipobisha kwao tulikuta mlango umefungwa. Dakika zikawa kumi na tano, zikawa kumi, zikawa sita.

Dakika sita kabla ya mwisho nilipoteza mpira kwenye duara lao. Nilipokonywa kihalali, hakuna cha kulalamika. Nao wakaufyatua mbele mpaka kwa mshambulizi wao mwenye mbio, na mbele yake hakuna mtu ila Mama Gerald golini.

Sikumbuki kuamua. Hatua tano zilienda zenyewe, na ya sita hadi ya hamsini zikafuata. Nilimwona Lila kwa pembe ya jicho, nikasikia benchi lote limesimama. Yule msichana aliingia duara letu, akavuta gongo nyuma apige, na gongo langu likalala chini mbele ya lake. Safi. Mpira ukabaki kwangu. Uwanja mzima nimeukimbia, na pumzi nilikuwa nayo.

Nikampa Margaret. Ningeweza kubaki pale nipumzike, kila mtu angenielewa. Nikakimbia tena, kwenda mbele, nikipita kushoto.

"Mama Toby!"

Hakuinua kichwa, hakuhitaji. Mpira ukanijia, nikampa Lila kwa mguso mmoja, na nikaendelea kukimbia kuelekea mlingoti wa mbali. Lila akawazungusha mabeki wawili, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakujaribu wa tatu. Akaupiga chini kuvuka lango. Ukagonga gongo la mtu, ukagonga kiatu cha kipa, ukapunguza kasi, ukawa unajikokota tu mbele ya goli. Nikajirusha kifudifudi na gongo mkono mmoja nikausukuma.

Ni bao baya kuliko yote niliyowahi kufunga maishani. Halikuwa na chenga wala shuti. Mpira ulivuka mstari kwa kama upana wa kiganja, na mimi nilikuwa nimelala ndani ya maji, mdomo umejaa zulia, na timu nzima juu yangu. Margaret alikuwa analia kwenye sikio langu. Mama Gerald alikimbia kutoka golini kwake na vifaa vyote vile, akatuangukia.

Zilibaki dakika nne. Dakika moja kabla ya filimbi nilipata mpira tena, kushoto, beki mmoja mbele yangu, na nikasikia watu wanapiga kelele nimle. Nikaupeleka kwenye kona ya uwanja, nikainama juu yake, nikaulinda kwa mgongo. Walinisukuma, walinigonga vifundo. Sikutoka pale mpaka filimbi ilipolia.

Tumebaki ligini.

Alhamisi, 18 Aprili

Kocha ameniita ofisini. Alikuwa ametengeneza chai ya maziwa na tangawizi, akanimiminia mwenyewe, akanikaribisha kwa mikono miwili.

Nilidhani atazungumzia bao. Hakulitaja.

"Nitakwambia kitu kimoja," akasema kwa Kiingereza. "Tangu Machi, kila tukipoteza mpira, mimi natazama watu kumi. Wewe sikutazami. Najua uko wapi." Akageuza karatasi kwenye meza ielekee upande wangu. Miaka miwili. "Kocha hutafuta mtu asiyehitaji kutazamwa. Sijapata wengi."

Nilikunywa chai yote bila kusikia ladha. Nilipotaka kusema asante nikaanza kulia, naye akajifanya anatafuta kalamu.

Sahihi ya mwenyekiti inapatikana Jumamosi. Sijampigia Baba. Habari za mdomo ameshapewa za kutosha.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimesaini. Mwenyekiti amesaini. Nakala yangu iko kwenye bahasha, na bahasha iko chini ya mto, na Shangazi ameshaisoma mara tatu.

Jumapili, 21 Aprili. Pasaka

Nilipiga simu mimi leo, sikungoja. Nyumbani walikuwa wamejaa, nilisikia watoto, sufuria, jirani akiombea chakula.

"Baba, nimeandikwa."

"Iko karatasi?"

"Ninayo mkononi."

"Isome."

Akaweka sauti kubwa, akawanyamazisha wote. Nikasoma ukurasa wa kwanza, nikitafsiri ninapoendelea, jina langu lote na jina la klabu, na kwamba kuanzia tarehe moja Julai Adelina Nekesa Wafula ni mchezaji mwajiriwa.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.

Mama akapiga vigelegele, wakamfuata wote, nikasogeza simu mbali na sikio. Shangazi Priscilla alikuwa amesimama mlangoni kwake na sare ya kazi, anajifuta macho kwa kitambulisho chake cha hospitali. Zile kelele zikafifia kidogo kidogo, nikasikia kiti kinaburutwa, mlango unafungwa. Baba alikuwa ametoka nje na simu. Nilisikia pumzi yake.

Nimeshika gongo tangu darasa la sita. Nimecheza shule, nimecheza mkoa, nimecheza Nairobi, na mtu huyu hajawahi kusimama kwenye uwanja hata mmoja.

"Haya sasa," akasema, pole pole, kama mtu anayeomba jambo kubwa. "Niambie. Huo mchezo wenyewe unachezwaje?"

Nikavuta kiti dirishani, nikaketi, nikaanza kumweleza, kuanzia kipa.